Moyo wasimama, paja lashtuka: kalsiamu ya msuli na mlango wake

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwamba kalsiamu ndiyo inayowasha mkazo wa msuli, na somo linapita. Mwaka huu mmoja amenibana. Amesoma kwamba mnamo 1883 Sydney Ringer alionyesha kuwa moyo wa chura husimama ukikosa kalsiamu katika maji uliyotumbukizwa. Halafu akasoma mahali pengine kwamba msuli wa mguu wa chura, ukiondolewa kalsiamu yote ya nje na kuguswa na umeme, unaendelea kushtuka kama kawaida. Inawezekanaje? Vitabu vyote viwili vinataja "kipokezi cha rayanodini". Hiyo rayanodini ni homoni gani, na mwili unaitengeneza wapi? Mwisho, mwanafunzi mwingine, mtoto wa mkulima wa mahindi, anasema karatasi ya dawa ya viwavijeshi waliyonunua nyumbani inasema dawa hiyo inashambulia "kipokezi cha rayanodini" cha mdudu. Je, ni hicho hicho? Na anayepuliza dawa, misuli yake i salama?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mwanafunzi wako wa kwanza amegusa jambo lililowasumbua wataalamu karibu karne nzima. Jibu fupi ni hili: kalsiamu inayokaza msuli wa paja, na sehemu kubwa ya ile inayokaza moyo wa binadamu, haitoki nje ya seli. Inatoka ghalani, ndani ya seli yenyewe. Mlango wa ghala katika misuli hiyo miwili ni wa ukoo mmoja. Kinachotofautiana ni namna unavyofunguliwa. Katika paja mlango unavutwa kwa mkono. Katika moyo unangoja hodi, na anayebisha hodi ni kalsiamu kidogo inayoingia kutoka nje. Ondoa kalsiamu ya nje: paja halina habari, moyo hausikii hodi.

Jibu hilo fupi limeruka mambo mengi, na moja linamhusu chura mwenyewe. Nitalifikia.

Tuanze na Ringer, kwa sababu kisa chake kinafaa darasani. Alikuwa tabibu London. Mwaka 1882 aliandika kwamba moyo wa chura unadunda vizuri katika maji yenye chumvi chache tu. Mwaka uliofuata alirudi na kuungama: maji aliyodhani yamekenekwa yalikuwa ya bomba, na maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu yake. Alipotumia maji yaliyokenekwa kweli, mdundo ulififia ukaisha. Alipotia kalsiamu kidogo, ukarudi. Dripu ya Ringer inayotundikwa wodini hadi leo imezaliwa na kosa hilo la maabara. Napenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba angekuwa mtu wa kuficha makosa yake, tungesubiri sana.

Jaribio la pili alilosoma mwanafunzi wako ni la 1972, la Clay Armstrong, Francisco Bezanilla na Paul Horowicz. Walichukua uzi mmoja mmoja wa msuli wa chura, wakauweka katika maji yaliyotiwa kemikali inayonasa kalsiamu yote, kisha wakaugusa kwa umeme. Uzi ukaendelea kushtuka kwa dakika nyingi. Zingatia kwamba waligusa msuli wenyewe, hawakupitia neva. Wangepitia neva jaribio lingeharibika, kwa kuwa ncha ya neva haiwezi kumwaga asetilikolini, kemikali inayoamsha msuli, bila kalsiamu ya nje. Ukilirudia jaribio hili na wanafunzi kwa kuchezea neva badala ya msuli, mtapata jibu la uongo.

Wauguzi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine bila kulitambua. Mgonjwa ambaye kalsiamu ya damu imeshuka sana hapooza mikono. Kinyume chake, mikono inamkakamaa, na ukifunga mkanda wa kupimia presha ukauacha umebana dakika chache, vidole vinajikunja vyenyewe. Kalsiamu ya nje ikipungua, neva zinakuwa nyepesi kulipuka, zinafyatua ovyo. Misuli nayo inaitikia kila mfyatuko kwa nguvu zote, kwani kalsiamu yake iko ndani, haijaguswa.

Ghala lenyewe ni nini? Seli ya msuli ikiwa imetulia, kalsiamu huru katika majimaji yake ni karibu mara 10,000 pungufu kuliko iliyo kwenye damu. Kuzunguka kila kifungu cha nyuzi za kukaza kuna mfuko wa utando, mithili ya soksi ya wavu, uitwao retikulamu ya sakoplazimu. Mimi nitauita ghala. Ukutani mwake zimepandwa pampu zinazonyonya kalsiamu, ioni 2 kwa kila molekuli 1 ya ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli. Ndani yake kuna protini iitwayo kalsekwestrini, na kila molekuli yake hubeba ioni za kalsiamu zipatazo 40 hivi, tena kwa ulegevu, zikihitajika ziachiwe upesi. Kwa hiyo ndani ya ghala kumejaa na nje ya ghala hakuna kitu. Mlango ukifunguka, kalsiamu haihitaji kusukumwa, inamwagika. Inaifikia troponini, protini iliyokaa kama swichi juu ya uzi wa aktini, na uzi wa pili, mayosini, unapata pa kushika na kuvuta. Mlango ukifungwa, pampu zinairudisha, msuli unalegea.

Ghala lilihitajika kwa sababu ya umbali. Mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill alipiga hesabu mwishoni mwa miaka ya 1940: uzi wa msuli ni mnene, na kitu kinachosambaa polepole kutoka ngozi ya seli hadi katikati kingechelewa mno kuliko kasi ambayo msuli hujikaza. Lazima kuwe na kitu kinachopeleka habari ndani kwa haraka. Kitu hicho ni umeme, unaoteremka kutoka ngozi ya seli kupitia mirija myembamba iitwayo mirija T. Kila mrija T unapita katikati ya midomo miwili ya ghala, lakini hauigusi. Kuna mwanya wa nanomita 12 hivi.

Hapo katika mwanya ndipo jibu lako lilipolala. Mwaka 1970 Clara Franzini-Armstrong, akitazama kwa hadubini ya elektroni, alieleza safu za vijiumbe vyeusi vilivyojaza mwanya ule, vimepangwa kama vigae. Akaviita miguu. Haikujulikana ni miguu ya nini.

Aliyeitambulisha ni sumu, na hapa najibu swali lako la homoni. Mwili hautengenezi rayanodini, Mwalimu. Hakuna mnyama anayeitengeneza. Ni sumu ya mmea wa Amerika ya Kusini na Trinidad unaoitwa Ryania speciosa. Unga wa shina lake ulitumika kuua wadudu tangu miaka ya 1940, na sumu yenyewe ilitengwa 1948. Miaka ya 1980 watafiti waliona kwamba rayanodini inang'ang'ania protini moja ya ghala kwa nguvu ya ajabu, wakaitumia kama ndoano: wakaitia alama ya mionzi, wakayeyusha utando wa msuli wa sungura, wakavua protini iliyonasa. Maabara kadhaa zilifanikiwa mwaka 1987 na 1988. Protini ile ilipowekwa chini ya hadubini ikawa na umbo la miguu ya Franzini-Armstrong, na ilipopandikizwa katika utando wa bandia ikapitisha kalsiamu. Mguu na mlango vikawa kitu kimoja. Jina "kipokezi cha rayanodini" ni sawa na kumwita mtu kwa jina la nyoka aliyemuuma. Afadhali wanafunzi wako waseme "mfereji wa kumwaga kalsiamu", na jina la pili wajue la kusomea vitabu.

Ukubwa wake unastahili kutajwa. Ni vipande 4 vinavyofanana, kila kimoja kina asidi amino kama 5,000. Jumla ina uzito wa dalton (kipimo cha uzito wa molekuli) zaidi ya milioni 2.2, yaani kama hemoglobini 34, zile protini nyekundu za damu, zimefungwa pamoja. Hakuna mfereji wa ioni unaojulikana ulio mkubwa kuliko huu na nduguye wa karibu. Umbo lake ni la uyoga. Shina limechomekwa katika ukuta wa ghala, na kofia pana, yenye zaidi ya asilimia 80 ya uzito wote, imesimama nje ikijaza ule mwanya wa nanomita 12. Tundu lenyewe liko katikati ya shina. Mwishoni mwa 2014 makundi matatu ya watafiti, kwa kugandisha protini hiyo na kuipiga picha kwa elektroni, yalionyesha jinsi tundu linavyofungwa: fito 4, moja kutoka kila kipande, zinakaribiana hadi ioni ya kalsiamu haipiti. Mlango ukifunguka fito zinapinda kuelekea nje.

Mwalimu, usijaribu kumeza kofia yote ile. Iko hapo kwa ajili ya wanaotoa amri. ATP inakaa mahali fulani na kurahisisha kufunguka. Magnesiamu, ambayo imejaa katika seli iliyopumzika, inakaba mlango, nayo ndiyo breki kubwa ya kila siku. Protini ndogo kama kalmodulini zimekaa pembezoni zikirekebisha. Kafeini nayo ina nafasi yake jirani na ya ATP, na hufanya mlango ufunguke kwa urahisi. Wanafunzi huuliza kama kahawa basi hukakamaza misuli. Hapana. Kukaza msuli kwa kafeini kunahitaji kipimo cha maabara, mara nyingi mno zaidi ya kile kinachofika kwenye damu ya mnywaji, hata yule anayemaliza birika zima la kahawa chungu barazani. Kinachomfanya akeshe ni kipokezi kingine kabisa, ubongoni.

Kuna jambo moja linalowashangaza wanaofahamu mifereji mingine. Mlango huu si mchaguzi. Mifereji ya kalsiamu ya ngozi ya seli huipendelea kalsiamu kuliko sodiamu kwa mara 1,000 au zaidi, kwa kuwa nje ya seli sodiamu imefurika na lazima izuiwe. Mlango wa ghala unaipendelea kalsiamu kidogo tu kuliko potasiamu. Hauhitaji ukali zaidi. Potasiamu ya ndani ya ghala na ya nje yake ni karibu sawa, kwa hiyo haina pa kukimbilia. Kilicho na mteremko ni kalsiamu peke yake. Kwa kutochagua, mlango unaweza kuwa mpana na kumwaga haraka, nayo potasiamu inarudi ndani kufidia chaji iliyotoka. Huu ni ubunifu ninaoupenda kuliko yote katika protini hii.

Sasa, nani anaufungua? Juu ya mrija T, mkabala na miguu, kuna protini nyingine, Cav1.1. Kwa ukoo ni mfereji wa kalsiamu unaohisi umeme, jamaa wa ule unaozibwa na dawa za presha kama nifedipini na amlodipini. Ina sehemu 4 zenye chaji zinazosogea volti ikibadilika. Martin Schneider na Knox Chandler waliupima msogeo huo mwaka 1973, kabla hata protini yenyewe haijajulikana. Cav1.1 hukaa nne nne, kila kundi juu ya mguu mmoja, ukirukwa mguu unaofuata. Umeme ukifika, chaji zinasogea, umbo la Cav1.1 linabadilika, na mabadiliko hayo yanauvuta mguu ulio chini yake ukafunguka. Ni kazi ya mkono kwa mkono. Hakuna ujumbe wa kemikali unaovuka mwanya. Ndiyo maana Armstrong na wenzake waliondoa kalsiamu ya nje na uzi ukaendelea kushtuka.

Moyo una ndugu wa protini hizo: Cav1.2 juu, na mlango wa aina ya pili, RyR2 (RyR ni kifupi cha Kiingereza cha kipokezi cha rayanodini), chini. (Wa misuli ya mifupa ni RyR1, kuna RyR3 pia, umetapakaa sehemu mbalimbali kwa uchache.) Hapa hakuna kushikana mikono. Umeme ukifika, Cav1.2 inafunguka kweli na kuingiza kalsiamu kidogo kutoka nje. Kalsiamu hiyo inagusa RyR2 zilizo jirani, zinafunguka na kumwaga ya ghalani ambayo ni nyingi kuliko iliyobisha hodi. Mwaka 1993 Heping Cheng, Jonathan Lederer na Mark Cannell waliyaona mamwagiko hayo kwa macho katika seli za moyo zilizotiwa rangi ya kung'aa: vimulimuli vidogo, kila kimoja ni kikundi cha milango kilichofunguka pamoja kwa muda mfupi na kufunga. Mdundo mmoja wa moyo ni maelfu ya vimulimuli hivyo kwa wakati mmoja.

Jaribio lililofunga mjadala, na ambalo ningelitumia kama swali la mtihani, lilifanyika kati ya 1988 na 1990 katika maabara za Shosaku Numa na Kurt Beam, mkono mkuu ukiwa wa Tsutomu Tanabe. Kuna panya wa maabara wanaozaliwa bila Cav1.1. Hufa mara tu wakizaliwa, kwa kuwa kiwambo, msuli wa kupumulia, hakijikazi na hawapumui, lakini mioyo yao hupiga, maana moyo unatumia Cav1.2. Watafiti walichukua seli za misuli ya panya hao, wakaingiza ndani yake maelekezo ya jenetiki ya kutengeneza Cav1.1. Seli zikaanza kushtuka, hata bila kalsiamu ya nje. Kisha wakachukua seli nyingine wakaingiza maelekezo ya protini ya moyo, Cav1.2. Nazo zikashtuka, ila sasa ukiondoa kalsiamu ya nje zinanyamaza. Msuli wa mguu ukawa na tabia ya moyo. Halafu wakakata na kuunga: Cav1.2 yenye kipande kimoja tu kilichoazimwa kutoka Cav1.1, kile kitanzi kinachoning'inia upande wa mwanya kati ya sehemu ya pili na ya tatu. Tabia ya paja ikarudi. Kwa hiyo tofauti aliyoiona mwanafunzi wako haiko katika msuli kwa ujumla wake, wala hasa katika ghala. Iko katika kitanzi kimoja cha protini ya juu.

Mwaka 2017 watafiti walikwenda mbali zaidi, wakatengeneza panya ambao Cav1.1 yao imezibwa kabisa, haipitishi hata ioni moja ya kalsiamu, ila bado inahisi umeme na kuvuta. Panya hao walitembea na kukimbia kama wenzao.

Sasa ule mtego wa chura. Nimeeleza moyo wa mamalia. Moyo wa chura una seli nyembamba, hauna mirija T, na ghala lake ni dogo sana. Kalsiamu inayoukaza sehemu kubwa hutoka nje moja kwa moja, haipitii hodi wala ghala. Kwa hiyo Ringer alikuwa na bahati ya kuchagua moyo unaoonyesha utegemezi huo waziwazi kuliko mingine. Ukimwambia mwanafunzi kwamba moyo wa chura ulisimama kwa sababu RyR2 hazikusikia hodi, utakuwa umemdanganya kidogo. Moyo wa panya au wa binadamu nao utasimama ukikosa kalsiamu ya nje, na hapo sababu ya hodi ndiyo yenyewe.

Rayanodini inakupa uthibitisho mwingine mtamu. Kwa kipimo kidogo inaukamata mlango na kuuacha nusu wazi, haufungi tena. Mpe msuli wa paja: unakakamaa kama ubao. Mpe moyo wa mamalia: unalegea, unapiga kwa unyonge. Sumu ile ile, mlango wa ukoo ule ule, matokeo yanapingana. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili huikimbia hii. Ufumbuzi uko katika nani anaifuta kalsiamu iliyovuja. Katika uzi wa paja kalsiamu haina njia kubwa ya kutokea nje ya seli, inabaki inazunguka na kukaza. Katika seli ya moyo kuna protini yenye nguvu inayoitupa nje, ikibadilisha ioni 1 ya kalsiamu kwa 3 za sodiamu. Ghala linavuja, kinachovuja kinatupwa nje, ghala linabaki tupu. Hodi inapigwa, ndani hamna kitu.

Mabadilishano hayo ya 1 kwa 3 yana hatari yake. Kuna watoto waliozaliwa na RyR2 yenye kasoro inayovuja wakati adrenalini imepanda. Jeni hiyo ilihusishwa na ugonjwa wao mwaka 2001. Mtoto anakimbia, anaogelea au anashtuliwa, na ghafla anaanguka. Kalsiamu iliyovuja inatolewa nje, sodiamu 3 zinaingia kwa kila moja, chaji chanya inabaki ndani, na seli inapiga mdundo usioitwa. Kipimo cha umeme wa moyo akiwa amelala kitandani huonekana safi. Wengi hudhaniwa wana kifafa na kupewa dawa za kifafa kwa miaka. Mwalimu wa michezo akikuambia mtoto fulani huzimia akikimbia tu, kamwe akiwa ameketi, usikubali aambiwe ni uchovu. Apelekwe kwa daktari wa moyo, apimwe akiwa anafanya zoezi chini ya uangalizi. Propranololi na dawa za jamii yake huwasaidia wengi wao.

Kasoro ya RyR1 inajionyesha mahali pengine, chumba cha upasuaji. Mwaka 1960 huko Melbourne, Michael Denborough na Richard Lovell waliandika habari za kijana wa miaka 21 aliyevunjika mguu. Hakuogopa mguu. Aliogopa nusukaputi, kwa kuwa ndugu zake 10 walikuwa wamekufa walipopewa etha. Alipewa halothani, ikaanza kumletea lile lile, madaktari wakasimamisha haraka, akapona. Leo tunajua kwamba katika watu wa namna hiyo gesi za nusukaputi kama halothani, pamoja na dawa ya kulegeza iitwayo saksamethoniamu, huufungua mlango wa RyR1 usifunge. Taya hukakamaa, hewa ya kaboni dayoksaidi hupanda, mapigo hukimbia, kisha joto hupanda. Joto hilo si homa ya vijidudu. Ni pampu za ghala zinazochoma ATP bila kukoma zikijaribu kurudisha kinachomwagika, pamoja na misuli inayokaza bila kuamriwa.

Dawa yake ilipatikana barani mwetu. Dantroleni ilikuwa imetengenezwa tangu 1967 kwa kazi nyingine. Mwaka 1975 Gaisford Harrison wa Cape Town aliijaribu kwa nguruwe wenye kasoro hiyo hiyo, na nguruwe waliokuwa wafe kwa halothani wakapona. Nguruwe wana nafasi yao katika hadithi hii. Wafugaji walikuwa wanawajua wale wanaokufa ghafla wakisafirishwa au wakipigana, na nyama yao kutoka rangi, laini, inayotiririka maji. Mwaka 1991 kundi la mtafiti David MacLennan lilionyesha kwamba chanzo ni asidi amino moja iliyobadilika, ya 615, kati ya zaidi ya 5,000. Kabla ya dantroleni wengi wa waliopatwa walikufa. Siku hizi, pale dawa ipo karibu, wengi hupona. Tatizo ni hapo kwenye "ipo karibu". Kipimo cha kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kilo, na chupa ya kawaida ina miligramu 20 tu inayoyeyushwa kwa mililita 60 za maji, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji chupa 8 kwa dozi ya kwanza, na watu wa kuzikoroga. Mwenye ndugu aliyewahi kufa au kupandisha joto kali kwenye nusukaputi aseme mapema. Ketamini na propofoli, dawa nyingine za nusukaputi, haziufungui mlango huu.

Nimalizie na mtoto wa mkulima. Ndiyo, ni kipokezi hicho hicho, ila cha mdudu. Wadudu wana jeni moja tu ya mlango huu ambapo sisi tuna tatu, na umbo lake linafanana na letu kwa chini ya nusu ya asidi amino. Dawa za kundi la dayamidi, kama klorantraniliproli na flubendiamidi, zilizoingia sokoni miaka ya 2000, zinaufungua mlango wa kiwavi na kuuacha wazi. Kiwavi hafi papo hapo. Anaacha kula, anajikunja na kufupika, na mkulima asiyejua hudhani ameuziwa dawa bandia kwa sababu jioni bado anamwona kwenye jani. Mwanafunzi atazame mdomo wake: kama jani halina tobo jipya, dawa imefanya kazi. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Afrika mwaka 2016, dawa hizi zimetumika sana kwenye mahindi, na kwenye nyanya dhidi ya kantangaze.

Milango ya mamalia inashikwa na dayamidi kwa udhaifu mkubwa, klorantraniliproli mara mia kadhaa pungufu kuliko ya mdudu. Kwa hiyo anayepuliza hatakakamaa misuli. Avae glavu na kufunika pua hata hivyo, maana chupani mna vimumunyishi pia, na watu wengi huchanganya dawa mbili tatu katika bomba moja. Hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba nondo wa kabichi wa Ufilipino na Thailand wamezoea dawa hizi kwa badiliko la asidi amino moja, ya 4946, karibu na tundu la mlango. Mwambie huyo mwanafunzi atafute kwenye lebo namba ya kundi. Dayamidi zote ni kundi 28, hata zikiwa na majina tofauti ya dukani. Baba yake akibadilisha chupa lakini namba ikabaki 28, hajabadilisha dawa.